Nani Atakuwa Mama?

Bibi yangu, Keziah Tuckle, alizaliwa ndani ya gari la farasi likiwa safarini, na wazee wake hawakuwahi kukubaliana lilikuwa limefika mji gani. Miaka mingi aliuza keki za tangawizi kwenye maonyesho ya Devon na Somerset, na sauti yake haikujifunza kamwe kwamba duniani kuna vyumba vidogo. Mumewe alizungusha bembea za farasi wa mbao, mpaka alipotoroka na mwanamke mwenye ndevu aliyekuwa akionyeshwa kwenye hema la jirani.

"Angalau," Bibi alikuwa akisema, "hakuna wa kuniambia kwamba alifuata sura."

Mwanawe wa pekee, baba yangu Lionel, akawa mwandishi wa riwaya. Hapo ukoo wetu ukaanza kuhamahama kwa namna nyingine. Tulipoishi Taunton, baba aliwaambia watu kwamba babu alikuwa kasisi. Tulipohamia Exeter akawa kanali, akafa vitani. Huko Sidmouth alizama baharini, jambo lililomsumbua Bibi, kwa kuwa alikwisha kuzoea kumlilia nchi kavu. Bibi mwenyewe baba alimzika katika dibaji ya kitabu chake cha kwanza: mama mpole, binti wa askofu, aliyefariki angali kijana. Kwa hiyo mgeni akibisha mlango, mama mzazi wa mwandishi aligeuka kuwa Yaya Kezi, mlezi wa zamani.

Alikubali, kama mtu anavyokubali kiatu kinachobana: anatembea, lakini kila hatua anakikumbuka. "Mimi nilimzaa, yeye akanizika," aliniambia akikanda unga. "Kazi ngumu ilikuwa ya nani?" Akacheka, kisha akaukanda ule unga muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

Ndipo ikapatikana nyumba karibu na Honiton, yenye waridi mlangoni na paa lisilovuja. Baba aliitamani kama mtu anavyotamani usingizi. Mwenye nyumba, Bi Threlfall, dada wa kasisi, akaja kunywa chai ili atupime. Mama yetu, mshairi, alikuwa kitandani akiumwa kichwa, kama kawaida yake kila mikono ilipohitajika.

"Marehemu mama yangu alipenda sana waridi," baba alisema, machozi yakimlengalenga, baada ya kumsifu baba yake kanali.

Bibi akaingia na sinia la skonzi na birika, akasimama kando kiyaya.

Sasa, kwetu chai haimiminwi kimya kimya. Lazima mmoja aulize, na swali ni lile lile katika kila nyumba. Anayeitikia ndiye "mama" wa meza, naye hushika birika.

"Haya," alisema Bi Threlfall akivua glavu, "nani atakuwa mama?"

"Mimi," Bibi akajibu.

"Vizuri, Yaya. Mimina basi."

"Sijasema nitamimina. Nimesema ni mimi. Huyu nilimzaa nyuma ya bembea kule Bampton, mvua inanyesha, keki zangu zote zikalowa. Askofu simkumbuki pale."

Baba aliruka kitini. "Mama! Unajua unachofanya? Mama, nyumba!"

Bibi akanigeukia mimi. "Umesikia? Mama, mara mbili, na mgeni yupo!"

Bi Threlfall alimtazama baba. "Na yule kanali?"

"Yuko Bristol," alisema Bibi, "anamchana mkewe ndevu."

Mgeni akavaa glavu zake, kidole baada ya kidole. Alisema angeweza kumpangisha mwana wa muuza keki, lakini si mtu anayemzika mama yake huku anamtuma chai. Akaondoka na skonzi mbili ndani ya leso.

Tukahamia kijumba kando ya reli, chenye paa linalovuja juu ya meza ya baba hasa. Siku moja akaja muuza makaa, akauliza ayaweke wapi.

"Kamwulize mama," baba alisema, bila kuinua kichwa kwenye karatasi zake.

Bibi alitoka jikoni mikono imejaa unga, akaufungua mlango wa mbele wote, majirani wakageuka.

"Mama yupi, mwanangu?"

"Wewe."

"Sema kwa nguvu. Treni inapita."

Hakukuwa na treni. Baba akaweka kalamu chini, akasema kwa nguvu.