Vidole vya Mama Kwenye Picha ya Baba

Nyumba yetu kule Mbamba Bay ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na picha ya pasipoti inataka nyuma pawe peupe. Basi mpiga picha akifika na baiskeli yake, mama aliitwa ashike shuka jeupe. Alisimama nyuma ya kiti, akalinyoosha kwa mikono miwili, nawe ukakaa mbele umekaza shingo. Enzi za filamu picha zilipanda hadi mji wa Mbinga, milimani, kusafishwa, zikarudi baada ya wiki kadhaa, na kila moja pembeni ina vidole vya mama. Mpiga picha alivikata kwa mkasi. Siku hizi picha inatoka papo hapo, lakini shuka ni lile lile. Shule, kipaimara, kitambulisho, sote tumeshikiwa na mama. Yeye hakuna aliyemshikia.

"Pigeni ninyi, mimi sura yangu naijua," alikuwa akisema, huku anatucheka tulivyokodoa macho.

Baba alipofariki, kaka yangu alituma filamu ya picha ya pasipoti ya baba studio ya Mbinga ikakuzwe, maana kwetu jeneza halitoki ndani bila picha kutangulia pamoja na msalaba. Babu yetu waliwahi kumkata masikio kwenye picha ya msiba, kwa hiyo safari hii kaka aliwaonya wasikate hata kidogo. Wakatii, jamani! Picha iliposhuka na basi tuliifungua uani, watu wamejaa. Baba anatazama mbele, na pande zote mbili za mabega yake kuna vidole vinne vinne vimebana shuka.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyeropoka.

"Ishusheni hiyo! Mkono wa mtu aliye hai hautangulii jeneza, mwenyewe atafuata."

"Shangazi, acha hizo! Huo ni mkono wa kushika shuka, basi!" Nilimfokea mbele za watu, na bado mwili ulinisisimka. Mama alisikia yote akiwa ndani. Akaomba aletewe picha, akaitazama kwa muda mrefu, akasema iende hivyo hivyo.

Tangu hapo akaanza kuisha. Usipa alioupenda, wale dagaa wa ziwani kwetu, sasa aliuona kama uchafu, nguo zikawa zinamning'inia. Nilimpandisha Mbinga ninakoishi, nikamzungusha hospitali, kila kipimo safi. Hapo ndipo nikashikwa na hofu moja tu, kwamba mama ataondoka na hatuna sura yake. Kadi yake ya kura ililowa ziwani, uso umefutika. Kila nikinyanyua simu anajifunika kanga.

"Una haraka gani na mimi, mwanangu?"

Nikaacha. Nikiacha napo naona mashavu yanazidi kubonyea, nazidi kuchanganyikiwa.

Asubuhi moja ya baridi, kahawa tumeianika uani, akaniambia, "Mwite mpiga picha. Na shuka lilete, limo kwenye begi langu." Alikuwa ameshavaa kitenge chake cha Pasaka na rozari shingoni. Nilifurahi, na nikaogopa papo hapo.

Mpiga picha, mzee mmoja mwenye studio karibu na stendi, alimpanga mama kitini. Nikasimama nyuma yake, nikalinyoosha shuka, lakini vidole nilivikunja kwa nyuma. Maneno ya shangazi yalikuwa yameniingia bila kupiga hodi. Mzee yule akanisifu, akasema leo hakuna cha kukata.

"Toa vidole," mama akasema. Hakugeuka.

"Vitaonekana, mama."

"Vionekane. Baba yako hakwenda peke yake. Mimi unataka niende na nani?"

Mpiga picha akashusha kamera, akanitazama. Nilitaka kumjibu mama kwa hasira, nimwambie nina watoto, na hayo si maneno ya kumwambia mtu unayempenda. Pale nilipokuwa nimesimama niliona kisogo chake tu, na mifupa ya shingo, na nikajua kwamba miaka yote yeye alikuwa akitutazama hivyo, visogo vyetu sote, mikono imemchoka na hasemi.

Nikavitoa.

Tulimzika kando ya baba kabla kahawa ile haijakauka. Picha ilitangulia, mama anatabasamu kidogo, vidole vyangu huku na huku. Tuliporudi kutoka makaburini, shangazi aliitazama picha, akanitazama mikono, kisha akasogea, akaniachia nafasi kubwa mkekani. Wengine nao wakasogea. Nikakaa pale katikati, naogopa, sidanganyi.

Binti yangu akaja akakaa ubavuni mwangu, akanishika vidole. Nikamwambia, kwa ukali kabisa, aende akakae na wenzake.

Hakwenda. Akazidi kuvibana.