Kafi la Bega la Shangazi

Ipo asubuhi moja pale mto Ruvu ambayo naikumbuka kila nikishika randa. Nakuita mwanangu, ingawa sina hata mvi, kwa sababu najua nawe ni mtu wa kurudia jambo mpaka likuchoshe. Mimi ndivyo nilivyo. Useremala nilijifunza mwenyewe hapa Visiga, kwa simu na kwa kuharibu mbao, na mpaka leo kazi yangu ikisifiwa nahisi anayesifu hajaangalia vizuri.

Shangazi Skola alikuwa na shamba la mpunga ng'ambo ya mto. Alivuka kwa kayaki, mtumbwi mwembamba wa plastiki. Bega lake la kulia likaanza kumuuma. Akasema asipopata kafi la kupigia maji lisilomchosha, shamba atalikodisha, na tulijua likishatoka mkononi halitarudi. Nikamchongea makafi mawili: moja la bapa pana, nililolisugua mpaka likang'aa, na jingine la bapa jembamba, la kawaida tu. Nikaazima saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo, nikaingia majini mwenyewe. Lisilopandisha mapigo ndilo lingekuwa lake.

Nikapima, nikarudia. Kila mara jibu lilikuwa jingine. Nikiitazama saa naogopa, nikiogopa moyo unakwenda mbio. Mchagua jembe si mkulima, wanasema. Jua lilipopanda nilikuwa bado nachagua, machozi yananilenga.

"Wewe fundi," shangazi akaniita kutoka ukingoni, "atakayevuka ni nani?"

"Si wewe, shangazi?"

"Sasa moyo wako unahusikaje na bega langu? Lete hiyo saa. Au unaogopa nitaizamisha?"

Akaivaa. Tukatafuta mahali maji yametulia. Akapiga kafi pana, akapumzika mpaka mapigo yakashuka, kisha akapiga jembamba umbali uleule. Kesho yake tukaanza na jembamba, ili uchovu usilionee lolote. Siku zote mbili lile pana lilimfikisha mapema, lakini likamwacha anahema, mkono begani. Jembamba lilichelewa, ila mapigo hayakupanda sana, na alifika akiwa bado ananisimanga bila kukatika pumzi.

"Hili," akasema. "Lile zuri kalitundike ukutani, wageni walitazame."

Iliniuma, mwanangu. Lile pana ndilo nililolipenda. Lakini msimu ule shangazi alivuna mpunga wake mwenyewe.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukitengeneza kitu, kipime katika mwili wa atakayekitumia, ukipime kwa haki, kisha ulikubali jibu hata likikunyima sifa. Usingoje hofu iishe ndipo uanze; yangu haijaisha, nami nachonga nayo hivyohivyo. Mungu akupe mikono isiyokata tamaa, na akuwekee karibu watu wa kukwambia kweli ungali na ubao wa kuchonga upya.