Sorrelan Hakuutoa Mti Wetu

Inasemwa sokoni Lumereth, na siku hizi naona inasemwa hata katika nyumba zinazojiheshimu, kwamba marehemu mume wangu, Sorrelan wa ukoo wa Ashuvar, alimpa rafiki yake mti wa majina wa ukoo wetu akiwa amelewa pombe ya asali. Wengine wanaongeza kwamba aliutoa ili kunikomoa mimi kwa ukali wangu. Hayo ni maneno ya watu wasio na kazi. Sorrelan alirina asali miaka mia mbili na hakuwahi kuinywa ikiwa imechacha, kwa kuwa ilimuumiza kichwa. Na mti hakuutoa. Nataka jambo hili liandikwe mara moja, na liandikwe na mtu aliyekuwapo. Nimengoja makusudi mpaka nimeingia Kipupwe changu, nywele nyeupe na moyo umetulia, asije mtu akasema kuwa hasira ya Kiangazi ndiyo iliyoshika kalamu.

Mume wangu hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa na mizinga arobaini kwenye mteremko wa kaskazini, mmoja aliachiwa na babu yake, mingine aliichonga mwenyewe. Kwetu walinicheka nilipoolewa naye. Nilikuwa nimetoka Chuo cha Hati, nimezinakili sheria za bonde zima kwa mkono wangu, na yeye alikuwa hajui kuandika jina lake. Nilimfundisha. Alijifunza polepole, na alichojifunza hakukisahau.

Sisi hugeuka kila baada ya miaka michache, nywele na tabia, kutoka majira moja hadi mengine, na nyuki hawamtambui mtu aliyegeuka. Mtu akilala na nywele za rangi ya shaba za Pukutiko, akaamka na nywele nyeupe za Kipupwe, harufu yake imekuwa nyingine, nao humwona mwizi. Warinaji wengi hujifunika gubigubi wiki nzima. Sorrelan alikwenda mzinga kwa mzinga, mikono mitupu, akisema, "Ni mimi yuleyule, msiniaibishe." Alirudi amevimba kama mkate.

"Vaa kinga, Baba Nissa," nilimwambia kila mara.

"Nikivaa watajuaje kuwa ni mimi?"

Huyo ndiye mtu wanayemwita mlevi.

Sasa kuhusu Kethuin. Alikuwa mchonga zeze, mtu wa maneno mengi, aliyekula kwetu mara nyingi kuliko kwake. Akifika mlangoni alisema, "Mwalimu, leo unatulisha au unatusahihisha?" Mume wangu alicheka kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza. Walichaguana ujanani, kila mmoja akawa shahidi wa mwenzake, na kwa watu wetu hakuna kifungo kikubwa kuliko hicho. Tunapogeuka hulala siku tatu, na siku ile ya mwisho kabla ya usingizi hupotea yote kichwani. Ya mwaka juzi tunayakumbuka, ya siku ile moja hatuyajui. Basi shahidi huketi nawe siku hiyo, na ukiamka hukwambia, mbele ya wasikilizaji watatu, yale uliyoyasema. Mke hawezi kuwa shahidi, wala ndugu, kwa sababu hao wana lao. Neno la shahidi halipingwi, na akishalisema hawezi kulirudisha. Nimeiandika sheria hiyo mara tisa. Niliiona nzuri.

Mtu mwenye akili hufunga uzi wa sufu mkononi siku ya kulala, watu wajue wasimletee mashauri, naye hunyamaza. Sorrelan aliufunga uzi. Lakini kwa Kethuin hakunyamaza. Hilo ndilo kosa lake, na ni hilo tu.

Mwaka ule radi ilikuwa imeupasua mti wa kina Kethuin mpaka mizizini, na mama yake, Bi Malwenna, alikuwa hawezi tena kuinuka kitandani. Kwetu mtu akifa jina lake huchongwa kwenye mti wa ukoo, na Siku ya Majina husomwa. Asiyechongwa hasomwi, huitwa aliyepeperuka, na watoto wake huketi nyuma. Kethuin aliona mama yake atapeperuka. Simlaumu kwa woga huo. Ningeuogopa hata mimi.

Siku Sorrelan alipofunga uzi, kutoka Pukutiko kwenda Kipupwe, niliwaacha wawili hao nyumbani, kama desturi inavyotaka, nikaenda kwa dada yangu. Nilirudi asubuhi ya kuamka. Wasikilizaji watatu walikuwa wamekwisha kukaa. Kethuin naye alikuwa katika Kipupwe chake, mweupe, sauti kavu, mikono magotini. Mume wangu alifumbua macho, akanywa maji yake, akangoja.

"Ulilala mtu wa Pukutiko," Kethuin alisema. "Haya ndiyo uliyoyaacha. Ulinipa mti wa Ashuvar, mimi, mama yangu na watakaotufuata. Walio wako waliokwisha kuchongwa watabaki. Wengine hawatachongwa."

"Mti wote?"

"Wote."

"Nilisema hivyo?"

"Mimi ni nani yako, Sorrelan?"

"Shahidi wangu."

"Basi."

Nilisimama. "Kethuin, hebu nitazame usoni."

Alinitazama bila kupepesa. "Hapa mke hana neno, Mwalimu. Unajua."

Nilijua. Mume wangu aliligeuzageuza bakuli la maji mkononi, kisha akasema, "Kama nilisema, nilisema." Bi Malwenna alikufa siku kumi baadaye, akachongwa kwenye mti wetu, juu kabisa, herufi kubwa kuliko za baba mkwe wangu. Watoto wetu wawili, Nissa na Orrin, walikuwa na umri wa kuelewa. Orrin aliniuliza sisi tutasomwa wapi. Nilimwambia ale.

Ilipita miaka sita. Kethuin aligeuka akawa mtu wa Machipuko, nywele za kijani kibichi, hawezi kukaa kitini. Asubuhi moja alikuja kwetu ameshika ua mdomoni, akaketi mezani bila kukaribishwa, akavunja kipande cha sega.

"Jamani," alisema, "nina jambo la kuchekesha. Bwana Mizinga, unajua kweli ulichoniambia siku ile? Uliniambia jina moja. La mama tu. Ulilia hata, ukasema, 'Mama yako ni mama yangu, achongwe.' Sasa yule mimi wa Kipupwe, si mnamjua alivyo, akakaa siku tatu anawaza: jina moja, mama atakuwa peke yake katikati ya wageni, nami nitachongwa wapi? Akauchukua mti mzima!" Akacheka mpaka asali ikamtiririka kidevuni.

Mume wangu hakucheka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza.

"Umepewa shubiri ukachukua pima," nilisema.

"Si mimi, shemeji. Yule."

"Huyo yule alitumia ulimi wa nani?"

"Haya, Mwalimu kaanza."

"Nenda ukayaseme haya mbele ya watu watatu."

"Nikayaseme? Neno la Machipuko ni povu, nani atalishika? Na shahidi harudishi neno lake. Sheria umeinakili wewe, au uliruka mstari?" Akamgeukia mume wangu, akampiga bega. "Usininunie, Bwana Mizinga. Ningekuwa nakuficha ningekuja?"

Sorrelan aliinuka akaenda kwenye mizinga yake. Kethuin alimaliza lile sega.

Watu wetu wana neno baya kwa mtu anayeyatupia majira makosa yake, na sitaliandika hapa. Tunageuka, ndiyo. Lakini mtoto wa miaka mitano kwetu anajua kwamba aliyevunja chungu katika Kiangazi ndiye atakayekifinyanga katika Kipupwe.

Nilingoja. Kila mtu hugeuka, na shahidi wa Kethuin alikuwa mume wangu. Ilipofika majira ya Kethuin kufunga uzi, kutoka Machipuko kwenda Kiangazi, nilimketisha Sorrelan usiku uliotangulia.

"Sentensi moja," nilimwambia. "Akiamka umwambie, 'Ulinirudishia mti wangu.' Hakuna awezaye kupinga."

"Na kama hatasema hivyo?"

"Alisema wewe uliyasema usiyoyasema."

"Nitakuwa nimemwamsha mtu kwa uongo, Mama Nissa."

"Wewe hukuamshwa kwa uongo?"

"Niliamshwa. Mpaka leo sijaamka vizuri."

"Baba Nissa, sikuombi kwa ajili yangu. Mimi nina mti wa kwetu nikitaka. Nakuomba kwa ajili ya Nissa na Orrin. Watachongwa wapi? Kwenye mlango wa jiko?"

Alizima taa. Kisha akasema, "Sawa."

Narudia neno hilo kwa sababu ndilo lililonifanya niamke asubuhi ya siku ya nne nikiwa mwepesi. Alisema sawa. Niliwavisha watoto nguo za Siku ya Majina. Nilinoa patasi ya baba mkwe wangu, nikaifunga kwenye kitambaa, ili tukitoka pale twende moja kwa moja kwenye mti, Sorrelan aweke alama ya ukoo mbele ya watu. Orrin aliibeba kwa mikono miwili.

Nyumba ya Kethuin ilijaa. Habari ya kwamba kuna jambo ilikuwa imevuja, si kutoka kwangu. Kethuin aliamka akiwa dhahabu tupu, kifua wazi, jasho linamtoka. Alipomwona mume wangu amekaa pale, na mimi nyuma yake, na watoto na nguo zao, nilimwona anaelewa. Alikumbuka yote isipokuwa siku ile moja. Alikumbuka alichotuibia na alivyokuja kutuchekea. Aliyafumba macho yake kama mtu anayengoja kofi.

Mume wangu alisema, "Ulilala mtu wa Machipuko. Haya ndiyo uliyoyaacha. Ulisema, 'Nikiamka, niambie chochote upendacho, nami nitakitii.'"

Kwa hiyo hakuhitaji hata uongo! Kethuin mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango na kumshikia taa.

"Basi niambie," Kethuin alisema.

"Sina nipendalo kukuambia."

Mume wangu alisimama, akachukua kofia yake.

Kethuin aliruka kutoka kitandani. Mtu wa Kiangazi hawezi kustahimili kusamehewa. "Sema! Mbele ya hawa watu, sema unachotaka!"

"Unakijua. Ulikuwa na miaka ya kukileta. Mimi si wa kukutilia maneno mdomoni."

"Kwa hiyo hutaki?"

"Nataka kwenda kwenye mizinga."

Akatoka. Kethuin angeweza, dakika ileile, kuurudisha mti kwa hiari yake, wasikilizaji wakiwapo. Alitazama mlango, akanitazama mimi, uso wote umemwiva, na akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mmeona? Angekuwa ameibiwa asingeondoka hivyo." Huo ndio mwanzo wa uvumi mnaoupenda. Ulizaliwa pale, saa ile, na aliyeuzaa namtaja kwa jina. Pombe ya asali iliongezwa baadaye ili simulizi inoge.

Nilimfikia njiani, kwenye kijito. Watoto walikuwa mbele.

"Uliniambia sawa," nilisema.

"Nilisema sawa ili ulale."

Nimeishi na maneno mengi. Nimenakili hukumu za watu waliochoma nyumba na waliouza ndugu zao. Hakuna sentensi iliyokaa kifuani mwangu kama hiyo. Kethuin alinidanganya kama mwizi, na mwizi nilijua la kumfanya. Huyu alinidanganya kama mtu anavyomdanganya mtoto mwenye homa, na alifanya hivyo akinipenda. Sikusema naye majira mazima. Aliweka asali yangu upande wa kulia wa meza kila asubuhi, nami niliila, kwa kuwa sikuona sababu ya kuiadhibu asali.

Tuliishi pamoja miaka thelathini na miwili baada ya hapo, na hakuna aliyesikia kelele kutoka nyumba yetu. Aliendelea kuwa shahidi wa Kethuin, akamwamsha mara saba, na kila mara alisema ukweli. Lakini Kethuin hakuwa tena shahidi wake. Sorrelan alifanya jambo ambalo sikujua kuwa sheria inaliruhusu, nikalitafuta nikalikuta: alikaa bila shahidi. Siku ya kulala alifunga uzi, akafunga mlango, akanyamaza tangu alfajiri. Alichokuwa akiwaza siku hizo saba hakijui mtu yeyote, hata yeye mwenyewe.

Alikufa Pukutiko iliyopita, mlimani, na nyuki walimkalia bila kumuuma.

Siku ya pili Kethuin alituma mtu. Alisema kuna nafasi kwenye mti, chini ya jina la Bi Malwenna, na kwamba yeye mwenyewe atachonga, herufi zozote nitakazo. Mjumbe alikuwa mpwa wake, kijana mwenye adabu, amevua kofia.

"Mwambie mjomba wako," nilisema, "Ashuvar hawaombi nafasi kwenye mti wa Ashuvar."

"Bibi, ndiyo kusema baba wa watu apeperuke?"

"Ndiyo kusema ufunge lango ukitoka."

Kwa hiyo mume wangu hakuchongwa. Siku ya Majina iliyopita hakusomwa, na mimi na wanangu tuliketi nyuma, nguo zetu zikiwa zimepigwa pasi. Nissa hajaongea nami tangu siku hiyo. Orrin anasema nilikuwa na nafasi ya kumpa baba yake mti kwa neno moja, nikalikataa, kama baba yake alivyolikataa, na kwamba labda nililikataa kwa sababu hiyohiyo, au kwa sababu nyingine iliyo mbaya zaidi. Najua sokoni nako wanauliza kama nilifanya vile kulinda heshima au kulipiza.

Niliahidi kueleza habari ya mti, nimeieleza. Hilo lingine ni kati yangu na Sorrelan. Sitalijibu katika majira yoyote, na shahidi wangu nimemkataza asiniulize.