Chanjo Iliyoganda

Serikali iliporuhusu tena zahanati za watu binafsi, daktari mmoja mstaafu alifungua yake Bariadi, nyuma ya ghala la pamba, akaniajiri niwe nesi wake. Alikuwa mtu wa kusoma. Siku alipoleta chanjo ya homa ya ini, ambayo hospitali ya serikali haikuwa nayo bado, aliniita akainua kichupa dirishani.

"Humu hamna kirusi," alisema. "Kuna ganda lake tu. Wameifanya hamira itengeneze protini ya lile ganda, na protini hizo zinashikana zenyewe, zinakuwa vijipira vidogo mno. Mwili unavizoea kama sura ya adui. Adui mwenyewe akija, anakuta unamjua." Kisha akaongeza, "Joto kidogo inavumilia. Ikiganda, tupa."

Hilo la mwisho nililisikia nusunusu. Tangu chuoni nilifundishwa kuogopa joto.

Mwezi uliofuata alinituma Mwanza kuchukua vichupa sita vya chanjo hiyo. Jua lilikuwa kali, nami nikavizika katikati ya barafu iliyotoka kugandishwa, bila hata karatasi ya kuvitenganisha. Nilipofungua sanduku Bariadi, vilikuwa vigumu kama mawe. Nikavipasha viganjani hadi vikayeyuka. Nilipotikisa kimoja, chengachenga nyeupe zilishuka chini haraka, kama unga kwenye maji.

Nilijua vimeharibika. Nikaviweka kwenye friji, nikajiambia nitamweleza daktari asubuhi.

Asubuhi hiyo alijifungua kwetu mwanamke aliyetoka kijiji cha Nkoma. Mume wake alikufa kwa ugonjwa wa ini msimu uliotangulia, na yeye mwenyewe alipopimwa akiwa mjamzito alikutwa na kirusi. Kaka yake alimleta kwa baiskeli, kwa sababu walisikia kwetu kuna sindano ya kumkinga mtoto.

"Mpe mtoto sasa hivi," daktari alisema akiwa mlangoni. "Ya siku ya kwanza ndiyo muhimu kuliko zote."

Nilifungua friji. Nikatoa kimoja cha vile vilivyoganda.

Mama yule, akiniita mama kwa Kisukuma, akaniuliza, "Hii ndiyo itamkinga, mayu?"

"Ndiyo," nikasema, nikamchoma binti yake pajani.

Vichupa vilivyobaki nilivitupa chooni. Daktari nilimwambia vingine vilivunjika kwa mitikisiko ya basi. "Pole," akasema, "barabara ile naijua." Chanjo mpya alikwenda kuichukua mwenyewe, na dozi zilizofuata mtoto alizipata nzima.

Alipotimiza mwaka na nusu tulimpima. Kirusi kilikuwamo.

"Wakati mwingine chanjo inashindwa hata ikiwa nzima," daktari aliniambia, maana aliona narudia kusoma majibu. "Usijilaumu."

Ni kweli, inashindwa wakati mwingine. Nilijificha ndani ya maneno hayo karibu mwezi mzima. Nilikuwa nayarudia nikifua, nikipika, hata kanisani. Siku moja, daktari akiwa ananawa mikono, nikamwambia yote. Akafunga bomba taratibu. Hakunitazama.

"Kesho tunakwenda Nkoma," akasema.

Tulimkuta mama akichuma pamba, mtoto kamfunga mgongoni. Tukaamkiana Kisukuma kama kawaida, akataka kutukaribisha nyumbani. Nikamwambia palepale, katikati ya mistari ya pamba, kwamba dawa niliyompa mwanawe ilikuwa imeharibika na kwamba nilijua. Daktari akaeleza kuwa hakuna mtu awezaye kusema kama nzima ingemkinga.

Mama alinisikiliza mimi, si yeye.

"Ungeniambia siku ile," akasema, "ningebaki palepale zahanati. Kaka yangu angekwenda Mwanza kwa baiskeli."

Daktari hakunifukuza kazi, aliandika kosa langu kwenye faili la mtoto na kunitaka nitie sahihi.

Binti yule amekua. Anaishi na kirusi, hajaugua bado, na kila mwaka anapimwa ini. Mama yake aliendelea kumleta kwetu, ila aliomba ahudumiwe na nesi mwingine, aliyeajiriwa baada yangu. Siku zao nilikuwa nahamia chumba cha nyuma, nafunga vifurushi vya pamba na bandeji, nasubiri hadi nisikie wameaga.