Somo la Msangano

Nilipoomba ruzuku ya kuandaa somo jipya la kilimo chuoni, niliandika kwamba wanafunzi wangu wangekwenda Msangano kuwaelimisha wakulima wa mpunga. Kabla ya kutuma maombi, nilitoka Tunduma nikaenda Msangano kuyasoma mbele ya wakulima wenyewe. Mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi chao, alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, hao wanafunzi wamewahi kulima mpunga?"

"Wengi bado, mama."

"Sasa watatuelimisha nini?"

Wenzake walicheka. Niliona aibu. Nikamuuliza yeye angewafundisha nini. Alieleza kuchagua mbegu, kupandikiza miche na kugawana maji ya mfereji bila ugomvi, nami nikaandika mchana kutwa.

Niliyaandika upya maombi yote, safari hii wakulima wakiwa ndio walimu, tena wenye posho. Ruzuku ilitoka, ingawa pungufu, tukalazimika kufuta safari moja kati ya mbili tulizopanga.

Siku ya kwanza shambani, yule mama aliwaamuru wanafunzi wavue viatu waingie kwenye tope. Wakaingia. Akanigeukia.

"Na wewe, mwalimu."

Nikavua.