Tundu Mahali pa Uso

Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, Bi Ghalia alifungua albamu ya marehemu baba yake juu ya mkeka, nyumbani kwake Ibra, Omani, akaenda zake Tanga kwa mawazo. Baba alikuwa na kamera, na alipiga picha kila kilichompitia: makuli wakipakia marobota ya katani bandarini, muuza kahawa na vikombe vyake, wanawake wakichagua samaki, foleni ya mafuta ya taa. Mji mzima ulikuwemo. Wanaume walikuwa na nyuso. Wanawake hawakuwa nazo.

Hiyo ilikuwa kazi ya kaka yake, Nasr. Walipohamia Omani, Nasr alikuwa kijana mwenye ajira mpya na ukali mpya wa dini, akaona haya wageni wawaone mama na shangazi zake vichwa wazi. Akaweka sarafu juu ya kila uso wa kike, akaizungushia wembe. Hakuna aliyemkataza. Ghalia mwenyewe ndiye aliyemshikia kurasa.

Mama yao alikufa Tanga, Ghalia akiwa na miaka kumi na mmoja. Picha yake ni moja tu: amesimama mlangoni pa duka, sinia la vitumbua mkononi, na juu ya mabega tundu la duara. Lakini lilimtosha. Ghalia aliweka kidole kwenye tundu, akafumba macho, na uso ukaja: jicho moja dogo kuliko mwenzake, midomo iliyobanwa kuficha mwanya. Kwa miaka arubaini uso huo ulikuja, kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Mwaka huu mjukuu wake Lujain, anayesoma chuo Nizwa, aliazima albamu kwa ajili ya maonyesho ya maisha ya mji wa bandari. Baada ya wiki mbili akarudi, albamu kwapani, simu mkononi, uso unamng'aa.

"Bibi, fumba macho. Yalla, fumbua! Picha zote zimepona."

Kompyuta ilikuwa imeziba matundu kwa nyuso ilizobuni yenyewe. Mlangoni pa duka alisimama mwanamke mzuri, macho sawasawa, akicheka kwa meno thelathini na mawili.

"Huyu nani?"

"Mama yako, Bibi!"

"Mama yangu hakuichekea kamera hata siku moja."

Lujain akanywea. "Basi niambie alikuwaje, nabadilisha. Dakika moja tu."

Ghalia akaeleza mwanya. Mwanya ukaja, mpana kama mlango. Akaeleza jicho, akaja mwanamke kama anayekonyeza. Akaeleza midomo. Kila alichokieleza kilimtoka kichwani kikabaki kwenye simu. Uso wa nne akausogeza karibu, kisha mbali.

"Ndiye, Bibi?"

"Sijui, mwanangu."

Kesho yake akaenda kwa Nasr. Kati ya wengine waliomjua mama yao, ni yeye tu aliyebaki hai.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja kunisimanga kwa wembe wangu?"

"Zile nyuso ulizitia wapi?"

"Jikoni, kwenye makaa. Umesahau? Wewe ndiye uliyekuwa ukipepea."

Ghalia akamwonyesha ile picha ya kwanza aliyorushiwa na Lujain. Mzee akaisogeza simu karibu na pua, na machozi yakamtoka.

"Mama huyu. Wallahi, ndiye."

"Tazama vizuri. Mama alikuwa na mwanya."

"Mwanya alikuwa nao shangazi Tufool! Mbishi wewe tangu utoto."

Alhamisi ilipofika, Ghalia alifungua albamu. Makuli walikuwepo, katani ilikuwepo, na sinia la vitumbua. Akaweka kidole kwenye tundu, akafumba macho, akangoja. Akaja yule mwanamke wa kwenye simu, akamchekea kwa meno yote.

Akajaribu tena. Akaja yeye tena, mwepesi kuliko mara ya kwanza, kama aliyekwisha kuizoea njia.

Jioni Lujain alipiga simu kuuliza kama chuo kinaweza kuiazima albamu tena, kwa mwezi mmoja.

"Ichukue," Ghalia akasema. "Na usijisumbue kuirudisha."