Mvunguni mwa Ulingo

Kama kuna mtu aliyewahi kujiona katika dunia hii, ni yule fundi makochi. Siku za kazi alikuwa akivalisha viti vya watu vitambaa vipya kwenye kibanda kilichobanwa kati ya kinyozi na muuza betri. Jumamosi mchana alivua aproni, akavaa suruali ya bluu ya kubana, iliyochoka magotini, akaenda ukumbini kupigana mieleka kwa jina la Sumaku. Jina alijipa mwenyewe, ati kwa kuwa hajazaliwa mtu wa kumbandua kwenye kamba. Wenzake walimwita Mpangaji, na sababu yake mtaiona sasa hivi.

Mchezo waliokuwa wakiucheza ni ule wa kutoana. Wanaingia wanaume kundi zima, kila mtu adui wa kila mtu, na atakayebaki peke yake ulingoni ndiye mshindi. Hakuna kumlaza mtu mgongo chini mpaka refa ahesabu, wala hakuna kuomba poo. Mwenzako unamtoa kwa njia moja tu: umvushe juu ya kamba ya juu kabisa, na miguu yake yote miwili iguse sakafu ya nje. Mguu mmoja ukigusa na mwingine bado uko hewani, yumo. Akipenya katikati ya kamba, yumo. Hata akitambaa chini ya kamba ya mwisho kama mjusi, akaenda kunywa maji na kurudi, bado yumo.

Hapo kwenye kutambaa ndipo mwenzetu alipojenga. Wengine waking'oana meno, yeye alipigwa kofi moja tu, akajitupa chini kwa kelele nyingi, akabingirika chini ya kamba, akafunua pazia linalozunguka ulingo na kuingia mvunguni. Huko alikuwa ametandika sponji. Alijilaza mpaka wabaki watu wawili watatu, hoi bin taabani, ndipo atoke na kuwarukia kwa nyuma. Na bado walimtoa! Lakini alikuwa ametolewa karibu na mwisho, na hilo lilimtosha kutamba wiki nzima pale kwa kinyozi.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alikuwa akisema, kisha akacheka peke yake.

Na dharau je? Mungu anisamehe, mtu huyu alidharau kila chenye pumzi. Watazamaji aliwaita mbuzi, ati wanashangilia kishindo badala ya akili. Refa alimwita kinyago. Vijana waliojaza misuli aliwaambia kwamba hata kochi bovu hujazwa, linalosumbua ni fremu. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akifunga kamba za viatu polepole kama bwana harusi, aliwapa historia ambayo hakuna aliyeiomba.

"Nyie mmekuta kila kitu kimepikwa," alisema. "Zamani tuliingia wote kwa mkupuo. Ulingo umejaa kama soko, hujui mkono ni wa nani. Siku moja mbao zikakatika, pu! wote wakadumbukia. Refa akachanganyikiwa. Miguu yao yote iko sakafuni, lakini hakuna aliyepita juu ya kamba. Wametoka au wamo? Walibishana mpaka watu wakarushiana viti. Tangu siku ile ndiyo ikawa tunaingia mmoja mmoja, kengele ikilia anaingia mwingine, kwa kura ya kwenye kopo. Kura gani? Karatasi zenyewe zimekunjwa pembe ili kila mtu aijue yake."

"Na wewe mzee, siku hiyo hukuumia?" aliuliza kijana mmoja mpana wa kifua, waliyemwita Chuma.

"Nilikuwa nimetoka nje, nakunywa soda."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Fundi hakuona cha kuchekesha. Alimtazama Chuma kama mtu anavyotazama madoa kwenye kitambaa kipya.

Basi, mwenye ukumbi alikuwa mama mmoja mkavu wa maneno, aliyerithi ule ulingo kwa marehemu mumewe na kuuendesha vizuri kuliko yeye. Yeye ndiye aliyepanga nani ashinde, maana tusidanganyane, mambo haya hupangwa. Siku moja akamwita fundi pembeni.

"Fundi, Jumamosi ijayo ndiyo ya mwisho kwako. Magoti yako nayasikia kutoka mlangoni."

Mama akatarajia matusi. Badala yake, kwa mara ya kwanza maishani, fundi akaomba.

"Basi niache nishinde, mama. Mara moja tu. Binti yangu atakuja."

Hapo ndipo palipomuuma. Binti yake huyo, mtoto wake wa pekee, aliletwa ukumbini mara moja alipokuwa mdogo. Alimwona baba yake akitambaa na kupotelea chini ya pazia, na watoto wenzake wa shule walikuwepo. Kuanzia Jumatatu aliitwa mtoto wa panya, na jina hilo lilimganda mpaka alipomaliza shule. Hakurudi tena pale. Sasa alikuwa mtu mzima, anauza miwani dukani, anakuja kuwaona wazazi siku za mapumziko, anaongea na mama yake, na baba anamsalimia tu. Fundi aliyewadharau watu wote hakuweza kuvumilia kudharauliwa na huyu mmoja. Alitaka amwone amesimama peke yake katikati ya ulingo, mkanda wa ushindi mabegani, hata kama ni mkanda wa kupangwa.

Mwenye ukumbi akakubali, kwa masharti.

"Haya. Lakini utanisikiliza. Utajificha kama kawaida yako, watu wakusahau kabisa. Chuma atawatoa wote, abaki yeye. Atadhani ameshinda, atainua mikono, halafu atakanyaga mbao mara tatu, kwa nguvu. Hapo unatoka, unamsukuma kwa nyuma, anapita juu ya kamba. Njoo Ijumaa tufanye mazoezi."

"Mazoezi?" Fundi alirudiwa na kiburi chake papo hapo. "Mimi nifundishwe kutoka mvunguni?"

Ijumaa hakwenda. Alikuwa na shughuli nyingine. Kwa kuwa ilikuwa siku yake ya mwisho, aliona si heshima kulala kwenye kile kipande cha sponji kilichosagika. Alikata nyingine, nene, ile ya makochi ya wenye nazo, akaivalisha kitambaa laini na kushona pembe zake. Mkewe alimkuta ameikumbatia mlangoni.

"Sponji hiyo si ya kusubiria," mkewe akasema. "Hiyo ni ya kulalia."

"Wanawake mnajua nini kuhusu mieleka?"

"Mieleka sijui. Wewe nakujua."

Jumamosi asubuhi alimpigia binti yake simu.

"Utakuja?"

"Nimesema nitakuja, baba."

"Katikati usiangalie sana. Wewe tazama mwisho. Mwisho ndio mchezo."

"Haya. Nitakaa mpaka mwisho."

Na alikuja kweli. Fundi alipopanda ulingoni alimwona safu ya tatu, mkoba magotini, miwani usoni, hapigi makofi wala hazomei. Akampungia mkono. Binti akaitikia kwa kichwa.

Fundi hakukawia. Akapigwa kofi, akapiga mayowe, akabingirika, akaingia mvunguni. Sponji ikampokea kama mama. Juu yake mbao zilianza kulia kwa vishindo, na kwa mtu mwingine hilo lingekuwa balaa, ila yeye alikuwa amezisikiliza mbao zile miaka na miaka. Masikioni mwake zilikuwa mvua juu ya bati. Akawaza mkanda. Akawaza jinsi binti yake atakavyosimama. Akawadharau kidogo wale waliokuwa wakitoka jasho huko juu, mapunguani wakubwa. Akageukia ubavu, mkono chini ya shavu, ajinyooshe tu.

Mnajua kilichofuata. Usingizi hauna adabu.

Kilichomwamsha ni ukimya. Akashtuka, akajua Chuma yuko peke yake, ameinua mikono, anangoja. Akafunua pazia, akaruka nje ngumi juu, akatoa ule ukelele wake wa Sumaku ambao siku zote alidhani unatisha.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Jua la alasiri lilikuwa limeingia kwa mlango mkubwa uliofunguliwa, na mama mwenye ukumbi alikuwa akifagia maganda ya karanga. Hakusimamisha ufagio.

"Umeamka?"

"Chuma yuko wapi?"

"Ameondoka na mkanda. Alikanyaga zile mbao mpaka nikaogopa zitakatika tena. Akapiga magoti akagonga kwa ngumi. Watu wakadhani amepagawa kwa furaha. Nikaja kufunua pazia mwenyewe. Fundi, ulikuwa unakoroma. Nikapiga kengele, ningefanya nini?"

"Ungeniamsha!"

"Nikutoe hapo unajifuta mate, mbele ya watu wote? Nilikuhurumia."

Fundi akapandwa na hasira. Akaparamia ulingo, akasimama katikati, akaanza kupiga kelele kama wakili. Nani alimtoa? Nani alimvusha juu ya kamba? Miguu yake iligusa sakafu baada ya kupita wapi? Kwa sheria bado yumo! Chuma hakubaki peke yake, Chuma si lolote si chochote, mkanda urudi!

Mwenye ukumbi akaegemeza ufagio ukutani.

"Kwa sheria ni kweli," akasema. "Mshindi ni wewe, hongera. Ukitoka ufunge mlango." Akaenda zake.

Ndipo fundi alipogeuka na kumwona. Binti alikuwa bado ameketi safu ya tatu, mkoba magotini, viti vyote vinavyomzunguka vikiwa vitupu. Alikuwa amesema atakaa mpaka mwisho.

"Uliondoka ukarudi?" fundi akauliza, na sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Sikuondoka."

"Hukuona basi. Nilikuwa nimepanga na yule mama. Nilikuwa nitoke pale mwishoni, nimsukume..."

"Pazia lilipofunuliwa nilikuwa nimekaa hapa hapa, baba. Nilikuona umeweka mkono chini ya shavu. Mimi nauza miwani, si kipofu."

Fundi akaanza kufunga upya kamba za viatu. Yeye! Aliyekuwa na neno kwa refa, kwa vijana, kwa mbuzi waliolipa viingilio. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Ni kweli unavyosema?" binti akauliza. "Kwa sheria bado umo?"

"Bado nimo, mwanangu."

"Haya, toka twende. Mama anangoja, chakula kisije kikapoa."

Fundi akainama, kama alivyozoea maisha yake yote, akashika kamba ya chini ili apite chini yake.

"Si hapo."

Akasimama vile vile, nusu ameinama.

"Juu," binti akasema. "Kama wenzako wote walivyotoka leo."

Fundi akaitazama kamba ya juu. Hakuwahi kuipita kwa hiari yake hata siku moja. Akapandisha goti, goti likalia, akajining'iniza tumbo juu ya kamba, akateremka polepole huku anahema. Mguu wa kushoto ukagusa sakafu. Wa kulia ulikuwa umenasa kwenye kamba ya kati, na mikono yake haikutaka kuachia.

"Mmoja," binti akasema. Alikuwa amesogea karibu, anatazama chini, kwenye miguu. "Bado umo."

Alisubiri. Hakumshika mkono wala hakumharakisha. Fundi akafumba macho, akaachia kamba.

"Wa pili," binti akasema. "Umetoka, baba."

Akachukua mkoba wake na mfuko wa viatu vya baba yake uliokuwa kando ya ulingo, akatangulia mlangoni bila kugeuka. Fundi akamfuata akichechemea. Sponji aliiacha huko huko mvunguni.